Soma namba za lenzi kabla hujatoa hela

Mbele ya lenzi, kuzunguka kioo, kuna maandishi madogo ambayo wanunuzi wengi huyapita wakikimbilia kuuliza "inavuta mpaka wapi?" Kwenye lenzi inayouzwa pamoja na kamera ya mwanzo, mara nyingi husomeka 18-55mm 1:3.5-5.6, na pembeni yake ø58mm au ø55mm. Maandishi hayo ndiyo yanayokuambia lenzi itakufaa kwa kazi gani na itakukwamisha wapi. Kwa mpiga picha wa ridhaa wa Dodoma, mwenye hela ya lenzi moja au mbili kwa miaka kadhaa, kuyaelewa kuna faida kuliko kujua kamera ina megapikseli ngapi. Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000, inayotosha kuchapishwa kwa sentimita 50 kwa 33 bila kupoteza ubora. Wachache sana hutundika sebuleni picha kubwa kuliko hiyo. Kwa hiyo bodi (kamera yenyewe bila lenzi) iliyotumika yenye lenzi sahihi inashinda bodi mpya yenye lenzi isiyofaa, na hela ya ziada iende kwenye lenzi.

Milimita na umbali wa miguu yako

Namba za milimita ni urefu wa fokasi. Zikiwa ndogo, lenzi inaona eneo pana. Zikiwa kubwa, inavuta cha mbali. Lenzi yenye namba mbili, kama 18-55, inavuta. Yenye namba moja, kama 50, haivuti: ukitaka kukaribia, unatembea.

Kinachochanganya watu ni sensa, yaani kile kipande kilicho ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Kamera za gharama kubwa zina sensa ya milimita 36 kwa 24, sawa na fremu ya filamu ya zamani. Kamera nyingi za wanaoanza zina ndogo zaidi: za Canon ni kama milimita 22.3 kwa 14.9, za Nikon, Sony na Fujifilm ni kama 23.5 kwa 15.6. Sensa ndogo huchukua sehemu ya katikati tu ya kile ambacho lenzi inaonyesha, hivyo picha hutoka kana kwamba imevutwa zaidi. Zidisha milimita za lenzi kwa 1.6 kwa Canon hizo, au kwa 1.5 kwa hao wengine, ndipo uzilinganishe na zile za kamera ya sensa kubwa.

Hapa ndipo ushauri maarufu wa "anza na 50mm" unapopotosha. Ulitoka enzi za filamu, ambako 50mm ilikuwa lenzi ya kawaida, haioni pana sana wala haivuti. Kwenye Canon yenye sensa ndogo, lenzi hiyohiyo inaona kama 80mm. Ni nzuri kwa uso na mabega, lakini ndani ya nyumba inakubana ukutani.

Usikubali neno la mtu, piga hesabu. Gawanya upana wa sensa kwa milimita za lenzi, kisha zidisha kwa umbali kati yako na unachopiga. Unapata upana wa eneo litakaloingia kwenye picha. Tuseme familia ya watu wanane imesimama mstari mmoja wenye upana wa mita 4. Kwa 50mm kwenye Canon ya sensa ndogo lazima urudi nyuma mita 9. Kwa 24mm zinatosha mita 4.3, na kwa 18mm ni mita 3.2. Sebule za mita 9 ni chache. Mtu mmoja wa kusimama, kamera ikiwa wima na ukiacha nafasi kidogo juu na chini, anahitaji mita 4.5 kwa 50mm. Hesabu hiyo inatoa jibu wazi: kama picha zako nyingi ni za nyumbani, darasani au dukani, 35mm au 24mm ndiyo lenzi ya pili ya kununua. Kama unapiga nyuso nje, kwenye uwanja au barabarani, 50mm itakupendeza.

Hesabu hiyohiyo inafanya kazi upande wa kuvuta, ila sasa tumia kimo cha sensa. Mchezaji aliye mita 40 kutoka kwako Uwanja wa Jamhuri, ukipiga kwa 55mm, amesimama ndani ya eneo lenye kimo cha karibu mita 11, kwa hiyo anachukua moja ya sita tu ya picha. Kwa 250mm eneo hilo linashuka hadi mita 2.4, naye anaijaza picha vizuri. Heroe aliye mita 60 ndani ya Ziwa Singidani, ukiwa na 300mm, atachukua karibu theluthi ya kimo cha picha, na hiyo inatosha kabisa. Ndege mdogo wa mti, wa sentimita 15, hata akiwa mita 20 tu, ni nukta. Anayependa ndege wadogo aanze kufikiria 400mm kwenda juu, au ajifunze kuwangoja karibu na maji.

Kuna jambo la kanda hii ambalo lenzi yoyote ya kuvuta itakutana nalo. Kuanzia kama saa nne asubuhi, ardhi kavu ikishapata joto, hewa iliyo juu yake hucheza, na kitu cha mbali hutoka kama kimelowa. Watu hudhani lenzi ni mbovu na hata kuirudisha dukani. Lenzi haina kosa na hakuna mpangilio unaoliondoa tatizo hilo. Piga saa moja asubuhi, au sogea karibu.

Ile 1:3.5-5.6

Sehemu ya pili ya maandishi inataja apecha, yaani tundu la ndani ya lenzi linalofunguka na kujifunga. Namba inasema linaweza kufunguka kwa kiwango gani: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga mwingi unaingia. Mlolongo wake ni huu: 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, 22. Kila hatua kwenda kulia inapunguza mwanga kwa nusu. Lenzi ya 3.5-5.6 inafunguka hadi 3.5 ikiwa kwenye 18mm, lakini ukivuta hadi 55mm inaishia 5.6. Lenzi ya 1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya ile ya 5.6.

Mara kumi hiyo unaiona kwenye ukumbi wa sherehe usiku. Kwenye mwanga wa kawaida wa ukumbi, lenzi iliyofunguliwa hadi 2, shata (muda ambao sensa inapokea mwanga, kwa sehemu za sekunde) ikiwa 1/125, inahitaji ISO (namba ya jinsi kamera inavyohisi mwanga) ya 1600, na kamera yoyote ya miaka ya karibuni inaimudu. Weka lenzi ya 5.6 mahali hapohapo na kwa shata hiyohiyo: ISO inapanda hadi 12800, na picha inajaa chenga. Ukikataa kupandisha ISO, shata inashuka hadi 1/15, na kila anayecheza anatoka ameburuzika. Mpiga picha hajakosea popote hapo. Lenzi imefika mwisho wake.

Ndiyo maana lenzi ndogo isiyovuta ya 1.8 ni ununuzi bora wa pili kwa watu wengi, kuliko lenzi ndefu ya 75-300 ya bei ya chini ambayo wauzaji huipigia debe. Hiyo ndefu mchana inafanya kazi. Jua likishaanza kushuka, 5.6 yake inakuacha, na hapa kwetu jioni ni fupi: kutoka jua kuzama hadi giza la kuwasha taa ni kama dakika 20.

Apecha hufanya kazi ya pili, kuamua kina cha fokasi, yaani ni sehemu gani ya mbele na nyuma itaonekana kali. Kwa 50mm kwenye sensa ndogo, ukimpiga mtu aliye mita 2 kwa apecha ya 1.8, sehemu kali ina kina cha sentimita 11 hivi. Kwa apecha ya 4 inakuwa kama 24. Ukisogea hadi mita 1 kwa 1.8, inabaki chini ya sentimita 3: jicho la karibu ni kali, sikio limefifia, na ukiyumba kidogo tu fokasi imehamia puani. Kwa hiyo 1.8 ni ya kumtenga mtu mmoja na vurugu za nyuma yake. Watu watatu waliosimama mistari miwili wanahitaji 5.6 au 8. Wapiga picha wapya hununua lenzi ya 1.8 halafu wanaiacha kwenye 1.8 mwaka mzima, wakishangaa kwa nini kwenye picha ya kikundi mmoja tu ndiye anayeonekana vizuri.

Upande wa pili kuna lenzi pana. Kwa 18mm na apecha 8, weka fokasi kwenye kitu kilicho mita 2 hivi: kila kitu kuanzia kama mita 1 mbele yako hadi upeo wa macho kitakuwa kikali. Huo ndio mpangilio wa kupiga mbuyu mzima pamoja na mawe yaliyo miguuni pako, au mandhari kutoka juu ya Simba Hill.

Na ø58mm? Ni kipenyo cha filta na kifuniko vinavyoingia mbele. Nakili namba hiyo kabla ya kwenda dukani.

Jua la saa sita

Dodoma iko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 9 Oktoba, na siku nyingine za mwaka haliwi mbali sana na hapo. Mchana wa anga safi una kiwango cha mwanga kinachotabirika kiasi kwamba unaweza kupanga kamera bila kuangalia kipimo chake: apecha 16, shata iwe moja ikigawanywa kwa namba ya ISO. Kwa ISO 100 hiyo ni kama 1/125 kwa apecha 16, au 1/250 kwa 11, au 1/500 kwa 8, au 1/1000 kwa 5.6. Zote zinatoa mwangaza uleule. Jifunze mlolongo huo kwa moyo, kwa sababu ndani yake kuna somo zima la mipangilio: ukifungua apecha hatua moja, unaongeza kasi ya shata hatua moja, basi.

Endelea na mlolongo: 1/2000 kwa 4, 1/4000 kwa 2.8. Kamera nyingi za mwanzo zinakoma 1/4000. Maana yake, ukiwa juani saa saba mchana na lenzi yako iko 1.8, kamera haiwezi tena kupunguza mwanga, na picha inatoka nyeupe peupe. Namba ya shata kwenye skrini itakuwa inamwekamweka. Ni onyo, na wengi hawalioni. Funga apecha hadi 4, au fungia mbele filta nyeusi ya kupunguza mwanga, au mtoe mtu juani.

La tatu ndilo bora, kwa sababu tatizo la jua la utosini halikai kwenye wingi wa mwanga tu. Nyusi zinatupa kivuli kwenye macho na pua inatupa kivuli mdomoni. Mpeleke mtu upande wa kivuli wa ukuta, uso wake ukiangalia anga wazi. Hapo ISO 100, shata 1/500 na apecha 2.8 zinatosha, na ngozi inatoka laini. Chini ya mwembe pia panafaa, ila angalia vidoa vya jua vinavyopenya majani. Kidoa kimoja shavuni hakisafishiki baadaye. Angalia pia ardhi: udongo mwekundu ulio juani mbele ya mtu unarudisha mwanga wa rangi ya joto chini ya kidevu. Wakati mwingine unapendeza. Ukizidi, msogeze hatua mbili hadi kwenye saruji.

Flashi ndogo ya juu ya kamera haitakuokoa juani. Kamera nyingi za mwanzo hazitumii flashi hiyo zaidi ya shata ya 1/200, kwa hiyo apecha inalazimika kufungwa hadi 11 au zaidi, na kwa apecha hiyo mwanga wa flashi yenyewe unafika mita 1 hivi. Ukiwa mita 3, imewaka bure.

Gurudumu la juu ya kamera

Kwenye gurudumu la kamera kuna A au Av, S au Tv, P na M. Wapo wanaosema mpiga picha wa kweli hutumia M pekee. Si kweli, na ushauri huo unawachelewesha watu. Ukiwa A (Canon huandika Av), unachagua apecha na ISO, kamera inatafuta shata. Ukiwa S (Tv), unachagua shata, kamera inatafuta apecha. Ukiwa P, kamera inatafuta zote mbili. Ukiwa M, unachagua zote mwenyewe. M ni ya mahali ambapo mwanga haubadiliki, kama ukumbini, kwenye studio au usiku ukiwa na stendi, ambako hutaki kamera ibadili mawazo kila mwenye shati jeupe anapopita.

Kwa siku ya kawaida, tumia A pamoja na ISO ya otomatiki. Ingia kwenye menyu, weka kikomo cha juu cha ISO kuwa 3200 au 6400, na kama kamera yako ina sehemu ya kuweka shata ya chini kabisa, weka 1/125. Baada ya hapo kazi yako ni apecha na kutazama namba ya shata kila baada ya picha chache.

Shata inakupasa kuifikiria kwa sababu mbili zinazochanganywa mara nyingi. Ya kwanza ni mkono wako kutikisika. Shata isiwe chini ya moja kwa milimita za lenzi zilizozidishwa kwa 1.5 au 1.6: kwa 50mm ni 1/80, kwa 250mm ni 1/400. Lenzi yenye kituliza mtikisiko, kinachoandikwa IS kwa Canon, VR kwa Nikon au OSS kwa Sony, inakuruhusu kushuka zaidi. Ya pili ni mwendo wa unachopiga, na kwa hilo kituliza mtikisiko hakisaidii hata kidogo. Bodaboda inayokimbia kilomita 40 kwa saa inasogea mita 11 kila sekunde. Kwa shata ya 1/100 imesogea sentimita 11 wakati picha inapigwa. Kwa 1/1000, sentimita 1 tu.

Mwendo si lazima uugandishe kila mara. Wanawake wa Kigogo wakipiga muheme, ngoma zikiwa zimebanwa mapajani, shata ya 1/500 inasimamisha kila kitu hadi mikono inaonekana kama imepumzika juu ya ngozi. Kwa 1/60 nyuso zinabaki kali na mikono inaacha ukungu wa mwendo, na picha inaanza kusikika. Piga nyingi, kwa sababu kwa 1/60 wengine watakuwa wamegeuza vichwa. Kwa anayeruka, rudi 1/500 au zaidi. Na fokasi iwe ya kufuatilia: AF-C kwa Nikon na Sony, AI Servo au Servo kwa Canon. Ile ya kawaida inajifunga ukibonyeza kitufe nusu, na mchezaji akishasogea mbele nusu mita, kilicho kikali ni vumbi la nyuma yake.

Kipimo cha mwanga cha kamera nacho kina tabia ya kuijua. Hujaribu kuifanya kila picha iwe na mwangaza wa wastani. Bibi harusi mwenye shela nyeupe anayejaza picha hutoka wa kijivu, kwa hiyo bonyeza kitufe chenye alama ya + na −, ongeza 1. Mtu mweusi aliyesimama na anga jeupe nyuma yake anatoka kivuli: ongeza 1, hata 1.3. Lakini uso huohuo ukijaza fremu nzima, au nyuma kukiwa na mlango wenye giza, kamera hufanya kinyume, huangaza kupita kiasi, na ngozi inapoteza rangi yake na kutoka ya kijivujivu. Hapo punguza 0.3 hadi 0.7. Usiamini skrini ukiwa juani, fungua histogramu, ule mchoro wa vilima. Kilima kikigonga ukingo wa kulia, sehemu nyeupe zimeungua na hazirudi. Ukipiga faili za RAW (ghafi, ambazo kamera haijazichakata) badala ya JPEG una nafasi ya kurekebisha hatua moja au mbili baadaye, hasa kwenye giza, ila ujiandae kwa faili za megabaiti 25 kila moja.

Kuna tatizo moja la ndani ambalo wengi hudhani ni ugonjwa wa kamera: mistari ya giza na mwanga inayokata picha au video. Ni taa. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za LED na za mirija huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde. Shata ya 1/50 au 1/100 inaenda sambamba na mapigo hayo na mistari inatoweka. Ya 1/320 inayanasa katikati. Kwenye video weka fremu 25 na shata 1/50. Pia zima shata ya kimyakimya (ya kielektroniki) ndani ya kumbi. Hiyo ndiyo inayoshika mistari zaidi.

Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, ni zoezi zuri la kuyaunganisha haya. Mwamba uko kivulini chini ya jabali, nje kuna jua kali. Ukiruhusu nje iingie kwenye fremu, kipimo kinadanganywa na mchoro unakuwa giza. Simama mkabala na mwamba, jaza fremu kwa mwamba pekee, apecha 8, lenzi kati ya 35 na 55, ISO ipande inavyotaka au tumia stendi. Flashi iache mfukoni: ikitoka mbele moja kwa moja inafuta mikunjo ya mwamba. Na usikubali mtu aimwagie michoro maji ili rangi ing'ae. Maji yanaharibu michoro hiyo.

Ukienda kununua

Kabla ya lenzi ya pili, fungua picha zako mia mbili za mwisho kwenye kompyuta na uangalie maelezo ya kila faili. Milimita zimeandikwa humo. Zikiwa nyingi zimerundikana kwenye 55, unahitaji ya kuvuta, kama 55-250. Zikirundikana kwenye 18, unahitaji pana. Zikiwa katikati lakini ISO iko juu kila mara, unahitaji 35mm au 50mm ya 1.8. Na kama unapenda vitu vidogo, kichala cha zabibu au ua, tulia kwanza: 18-55 ya Canon ya STM (aina ya mota ya fokasi) inakaribia hadi sentimita 25, ilhali 50mm ya 1.8 ya EF STM inakoma sentimita 35. Hiyo uliyonayo tayari itakupa kichala kikubwa zaidi.

Mtego mkubwa ni mdomo wa lenzi, yaani sehemu ya nyuma inayojishika kwenye kamera. Lenzi ya Canon iliyoandikwa RF haiingii kabisa kwenye DSLR, yaani kamera yenye kioo cha kuakisi ndani. Ya EF inaingia kwenye DSLR zote za EOS, na kwenye mirolesi (kamera zisizo na kioo hicho) za RF kupitia kiunganishi. Ya EF-S ni ya DSLR zenye sensa ndogo. Kwa Nikon, mfululizo wa D3000 na D5000 hauna mota ya fokasi ndani ya bodi: ukinunua lenzi ya zamani ya AF au AF-D, itaingia vizuri na utazungusha fokasi kwa mkono maisha yote. Tafuta iliyoandikwa AF-S. Za AF-P hazifanyi kazi na bodi zote za zamani, kwa hiyo zijaribu kwenye kamera yako mwenyewe kabla ya kulipa.

Lenzi zilizotumika zinazotoka pwani zikague kwa ukungu wa fangasi, kwa sababu unyevu wa huko unaupenda mno, tofauti na ukavu wa Dodoma. Fungua apecha yote, washa tochi ya simu nyuma ya lenzi, tazama kutoka mbele kwa mshazari. Nyuzi nyembamba nyeupe zinazotawanyika kutoka ukingoni ni fangasi, achana nayo. Vumbi chache la ndani halina shida. Tikisa taratibu usikilize kama kuna kilicholegea. Tazama majani ya apecha, yawe makavu bila mafuta. Piga ukuta wa matofali kwa apecha kubwa kabisa, kisha kwa 8: pembe moja ikibaki na ukungu hata kwenye 8, huenda lenzi ilishaanguka. Futa miguso ya metali ya nyuma kwa kitambaa kikavu, ujaribu fokasi karibu na mbali.

Ukavu huohuo una gharama yake, vumbi. Kuanzia Juni hadi Novemba upepo wa Dodoma unaingiza vumbi kila mahali. Badili lenzi ndani ya gari au chumbani, kamera imezimwa na mdomo wake ukiangalia chini, lenzi mpya ikiwa tayari mkononi. Kioo usikifute kikiwa na mchanga: puliza kwanza kwa pampu ya mpira, pitisha brashi laini, ndipo kitambaa. Ukianza na kitambaa unasugua mchanga juu ya kioo.

Kila mwezi pima sensa. Weka apecha 16, fokasi ya mkono iwe imetolewa makusudi, piga anga safi au ukuta mweupe, kisha kuza picha. Madoa meusi yanayobaki palepale kwenye kila picha ni vumbi la kwenye sensa. Yalikuwepo siku zote, ila apecha ya 1.8 iliyaficha. Chaji betri ijae, chagua kwenye menyu usafishaji wa sensa kwa mkono, geuza kamera iangalie chini, puliza mara kadhaa kwa pampu ya mpira bila ncha yake kuingia ndani. Usipulize kwa mdomo, mate yataganda pale, na usitumie upepo wa kujazia matairi, una mafuta na nguvu ya kupasua. Doa lililobaki baada ya kurudia mara mbili tatu limeganda kwa unyevu au mafuta. Linatoka kwa kijiti maalumu na dawa yake, na kwa mara ya kwanza ni vizuri ukamwachia fundi wa kamera afanye ukiwa unamtazama.